Gata linatuamisha maji katikati: mteremko sahihi ni kiasi gani?

Mwenye uzi
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa mnaojua magata. Mbele ya nyumba yangu kuna gata la plastiki la mita 14, na bomba la kushushia maji liko mwisho wa kulia tu. Mvua ikishakatika, maji yanabaki yametuama katikati siku tatu, nne, na viluwiluwi vya mbu nimeviona kwa macho yangu. Ikinyesha kubwa, maji yanafurika na kuchuruzika ukutani badala ya kwenda kwenye tangi. Fundi alipima kutoka ukingo wa chini wa fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa unaofungiwa gata) akasema limekaa sawa. Sasa anataka kulishusha sentimita 10 upande wa bomba. Hiyo si nyingi?

Msumari
Ni nyingi mno, mkuu. Milimita 2 hadi 5 kwa kila mita zinatosha. Mimi hufunga kwa 3. Kwa mita 14 ni milimita 42, yaani sentimita 4 na kidogo. Ukizidisha, upande wa bomba gata linaachana na ncha ya bati, na mvua ya upepo inayasukuma maji nyuma yake. Tatizo lako linabaki palepale, ukutani.

Ingekuwa nyumba yangu, ningeweka mabomba mawili, kila mwisho moja, na kilele katikati. Hapo kila upande ni mita 7, unashuka milimita 21 tu. Ila bomba la kushoto utalazimika kulivuta hadi kwenye tangi.

Pima Maji
Kabla ya kubishana kuhusu milimita, kosa liko kwenye kipimo. Fisha bodi haiaminiki. Mbao hupinda, hulegea, na nyingine zilipigiliwa zikiwa zimeinama tangu siku ya kwanza. Ukipima kutoka kwake, gata linafuata kila kosa lake.

Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, hakikisha hakuna mapovu hata moja. Mtu mmoja ashike ncha moja kushoto, wewe ncha nyingine kulia, zote mbili wazi. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja, hata kama nyumba ina kona katikati. Weka alama. Hiyo ndiyo mistari ya kweli. Kutoka alama ya kulia shuka milimita 42, piga msumari kila mwisho, vuta uzi ukaze kabisa, kisha funga vishikizi vyote kwa kufuata uzi. Pima maji fupi ya mkononi haikufai kwa urefu huo, kwa sababu kosa dogo la kila mita linajumlishana.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: ukingo wa mbele wa gata uwe chini kidogo kuliko wa nyuma. Siku likifurika, maji yamwagike nje, mbali na ukuta.

Mama Paa
Angalia vishikizi pia. Vikiwa mbali zaidi ya mita 1, plastiki inalegea kwa uzito wa maji. Dimbwi fupi kati ya vishikizi viwili ni kulegea. Dimbwi refu ni mteremko.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana. Vishikizi viko kila sentimita 80, na dimbwi ni refu, kama mita 5. Leo nimepima kwa mpira na kijana wangu. Ncha zote mbili za fisha bodi ziko sawa kabisa, lakini katikati imezama milimita 25! Kwa hiyo nikivuta uzi kama alivyoeleza Pima Maji, pale katikati gata linapanda milimita 4 tu, na kulia linashuka 42.

Pima Maji
Hesabu yako iko sawa. Lakini jiulize kwa nini ubao umezama hapo. Choma kwa bisibisi kabla hujafunga skrubu yoyote.

Mwenye uzi
Nimechoma. Imeingia hadi nusu bila nguvu. Fundi anarudi Jumamosi na kipande kipya cha ubao, gata litasubiri.