Matembezi ya jioni mji mkongwe na mtoto wa miaka 2: kigari au mbeleko?

Swali: Njia ni za mawe, na ngazi zipo. Tubebe nini?

Jibu: Mbeleko. Magurudumu madogo ya mbele hunasa katikati ya mawe, kigari kikasimama ghafla na mtoto akarushwa mbele. Mkilazimika, fungeni magurudumu hayo yasizunguke, mkanda ubane, na ngazi mpande kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yakitangulia.

Jibu: Tokeni mapema jamani! Vichochoro vyenye kuta ndefu huingia giza kabla jua halijazama. Wakati wa kwenda atembee, kurudi abebwe.

Jibu: Viatu vifunike vidole, mawe yaliyosuguliwa na nyayo huteleza yakilowa. Akijikwaa, msimnyanyue kwa mkono mmoja, kiwiko huteguka upesi umri huo. Mshikeni kwapani.