Naomba ushauri: rafiki anataka kuchapa riwaya ambayo haijaiva

Wakuu, habari za saa hizi. Tuko kundi dogo la waandishi, wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana. Tunatumiana miswada kwa WhatsApp na kusomeana. Mmoja wetu, dada yuko Tanga, ndiye aliyenishika mkono mama alipolazwa. Alichangisha wenzetu, na usiku alinirekodia mashairi ili nipate usingizi. Si mtu wa kumjibu ovyo.

Sasa ana riwaya. Ameshaulizia ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) Bodi ya Huduma za Maktaba, na anataka kukopa kwenye kikoba achape nakala 500. Tatizo, muswada haujaiva. Sura za mwanzo ni tamu kweli, lakini mbele huko wahusika wanabadilika majina, na shangazi aliyezikwa anaibuka harusini (nilidhani ni mzimu, kumbe kasahau). Kundini kila mtu ni "hongera dada, moto!" Nina shaka kama wameusoma hadi mwisho.

Niliwaza kumwambia aupeleke kwanza Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ila huko naona ni kukwepa tu.

Mliowahi kumwambia rafiki ukweli kuhusu kazi yake, mlianzaje? Nimpigie pembeni, au nimtafutie mhariri wa kulipwa amwambie yeye? Na wahariri wa riwaya hutoza kwa ukurasa au kwa kazi nzima? Mkopo anauchukua mwisho wa mwezi.