Mafia mwishoni mwa Novemba: kuzamia, papa potwe na magofu kwa siku nne

Mgeni_wa_Bahari: Wakuu, salaam. Tunakwenda Mafia wawili, siku nne kamili. Mmoja ana cheti cha kuzamia hadi mita 18, mwenzake ni wa miwani na mrija tu. Tunataka kuzamia mlango wa bahari wa Kinasi, kuona papa potwe, kisiwa cha Chole na magofu ya Kua. Tulale wapi, na tupangeje? Kurudi Dar ni kwa ndege.

Bamvua: Karibuni. Laleni Utende, ndiko boti za kuzamia zinakoondokea. Ila kabla ya kulipia chochote, angalieni mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ghuba ya Chole hujaa na kumwagika kupitia milango michache tu ya kutokea baharini, Kinasi ukiwemo. Maji yakitoka, mkondo unamsukuma mzamiaji bahari kuu, tena yanabeba vumbi lote la ghubani, hamtaona kitu. Chagueni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, siku moja au mbili baada ya robo ya mwezi. Hapo maji hujaa kama saa 4 au 5 asubuhi, kwa hiyo mkizamia saa 3 mnapata maji safi yanayoingia na mkondo unaolegea. Kila siku saa ya maji kujaa huchelewa kama dakika 50.

Ukuta wa Kinasi unashuka kupita mita 18, kwa hiyo mwenye cheti hicho abaki sehemu ya juu. Kila mzamiaji awe na boya lake la kupuliza. Mkitawanyika mlangoni, kichwa cha mtu hakionekani katikati ya mawimbi.

Mkaa_Kilindoni: Papa potwe msiwatafute Utende. Wako magharibi, mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari. Mitungi haihitajiki, hivyo wote wawili mtaingia. Maji huwa na ukungu kwa sababu ya vijidudu wanavyokula, msishtuke. Ingieni kwa ubavu wake, kamwe si mbele yake, mkae mita 3 na mbali zaidi na mkia. Kumgusa ni marufuku. Nahodha anayemzibia samaki njia ili mpige picha, mkatazeni.

Popo_wa_Chole: Siku ya mwisho iwe ya nchi kavu. Kabla ya ndege subirini saa 18 tangu mzamo wa mwisho, hata kama safari ya angani ni fupi. Kua iko kisiwa cha Juani na boti hufika vizuri maji yakijaa. Siku hiyo ya mwisho maji yatajaa mchana, basi nendeni Kua kwanza, kisha Chole jioni mkawaone popo wakubwa wakiruka.

Ada ya hifadhi ya bahari huhesabiwa kwa saa 24. Raia aje na kitambulisho cha taifa, na risiti itunzwe, huulizwa tena.

Mgeni_wa_Bahari: Na tukirudi kwa kivuko cha Nyamisati, bandari ya bara?

Popo_wa_Chole: Hapo saa 18 hazihusiki, hampandi angani. Ulizieni ratiba ya kivuko siku moja kabla.