Mjadala: Je, ni halali kuwafanyia wapiga kura majaribio ya utafiti bila kuwaambia?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, tulijadili hili mapema kabla joto la uchaguzi wa Kenya wa 2027 halijapanda.

Siku za mwisho kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, Wakenya takriban milioni 2 walipata SMS kutoka kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Mpokeaji alisoma ujumbe wa tume wa kumhimiza apige kura, kumbe nyuma yake palikuwa na jaribio. Watafiti Benjamin Marx, Vincent Pons na Tavneet Suri walikuwa wakishirikiana na tume, na nani apate ujumbe na nani akose iliamuliwa kwa bahati nasibu ili makundi hayo yalinganishwe baadaye.

Matokeo yalichapishwa 2021. SMS ziliongeza waliojitokeza kupiga kura, lakini zikawapunguzia wapokeaji imani kwa taasisi za uchaguzi. Watafiti wanakisia sababu ni hii: tume ilikuwa imeahidi mitambo ya kielektroniki. Siku yenyewe mitambo ikagoma, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi, hesabu ikachelewa. Imani ilishuka zaidi kwa waliokuwa upande ulioshindwa na katika maeneo yaliyopata vurugu.

Mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07. Alivuka nusu kwa kura kama 8,400 hivi, kati ya zaidi ya milioni 12. Tuseme SMS ziliwatoa nyumbani nusu asilimia tu ya hao milioni 2: ni watu 10,000. Mnaona mtafiti alikuwa amesimama wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Hesabu hiyo inatisha watu bure. Hao 10,000 hawakumpigia mtu mmoja. Tuseme wametoka pande zote za nchi, 5,500 wakampa mshindi na 4,500 wakawapa wengine. Kura zote zimeongezeka 10,000, kwa hiyo nusu nayo imepanda kwa 5,000. Faida ya mshindi juu ya nusu ni kura 500, siyo 10,000.

Halafu jiulize tungejuaje kwamba SMS hizo zinabomoa imani. Tume ikimtumia kila mtu ujumbe, huna wa kumlinganisha naye. Ni kwa sababu wapo waliokosa ndiyo maana madhara yalionekana. Mimi hili naliona ni huduma kwa nchi.

Mchangiaji wa pili

Nimewahi kuwa karani wa utafiti, nikizunguka na dodoso vijijini. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa mbili, Kiswahili cha mahakamani. Mama mmoja alikuwa anapukuchua mahindi, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Nikikataa, jina langu litatolewa kwenye orodha ya mbolea?" Nikamwambia hatuna uhusiano wowote na mbolea. Hakuniamini. Akaomba kalamu, akatia sahihi.

Kwa hiyo mkija kusema watu waombwe ridhaa kwanza, naomba mfikirie na hiyo sahihi. Tuliihesabu kama ndiyo.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa kwanza, hesabu yako nimeirudia kwa kalamu na karatasi. Uko sahihi, na ile ya kwangu naifuta. Lakini hiyo 55 kwa 45 umeichagua wewe. Wasiojitokeza mara nyingi si sawa na wanaojitokeza, na kabla ya kura kupigwa hakuna mtafiti anayejua hao wa ziada wataegemea wapi. Jaribio likipangwa, matokeo ya uchaguzi hayajulikani. Hatari inapimwa hapo, si miaka 8 baadaye.

Huyo mama wa mahindi ndiye aliyenifikisha kwenye hoja yangu hasa. Sahihi ya mmojammoja haiwezi kubeba jambo linalowagusa wote, maana hata aliyekosa SMS anaongozwa na aliyechaguliwa. Mwaka 2020 Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani kilipitisha misingi inayomtaka mtafiti apime pia athari kwa mchakato wa siasa wenyewe, si kwa mhojiwa peke yake. Sisi tunapaswa kudai zaidi: tume itangaze redioni kabla ya kura kwamba kuna utafiti, unafanywa na nani, unatafuta nini. Mtasema watu wakijua watabadilika. Hata wakijua utafiti upo, wasipojua wako kundi gani, ulinganisho unabaki.

Na matokeo yakitoka, yarudi kwa watu kwa njia ileile uliyopitia ujumbe, yaani SMS. Kuna watu takriban milioni 2 ambao namba zao zilijulikana wakati wa kuwahimiza wapige kura. Wa kwanza kupinga hilo atoe sababu yake hapa.