Tupeane uzoefu: "fill in" ilivyoniponza kazini

Wakuu, habari za jioni. Tupeane uzoefu wa hivi vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia. Mimi kimoja kilinitoa jasho.

Nilikuwa na miezi miwili kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi Kurasini. Jumatano jioni bosi wangu, Mwingereza, akanitumia ujumbe: "Please fill in for me tomorrow at nine." Nikajua kuna fomu anataka nimjazie. Alhamisi nikawahi, nikapekua droo, nikapekua faili za forodha, nikamuuliza katibu muhtasi. Fomu hakuna. Saa tatu na nusu mlinzi akapiga simu: wateja wawili kutoka Kariakoo wamekaa chumba cha mikutano nusu saa, hakuna wa kuwapokea. Kumbe bosi alitaka nimshikie nafasi! Kontena zao zinalipiwa kila siku zinapolala bandarini, na mimi natafuta karatasi. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Basi "fill in the form" ni kujaza fomu, "fill me in" ni nipe habari za yaliyopita, "fill in for me" ni nishikie nafasi. Sisi maana tunaigeuza mkiani mwa kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia. Kwao mkia unasimama peke yake, ukiuruka umepotea.

Karibuni, na nyie yaliwakuta?

Mama Tegeta: Pole sana mkuu. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari. Wanafunzi wengi huandika "fill in it" badala ya "fill it in", hapo nasahihisha kila wiki. Ila kuna binti aliandika "fill out the form", nikamkata alama. Baadaye nikajua Wamarekani ndivyo wasemavyo. Nilimrudishia alama yake mbele ya darasa zima.

Dereva wa Ubungo: "Fill up" naijua, ni kujaza tangi. Iliyonishinda ni hiyo "fill me in". Nimemtoa mgeni uwanja wa ndege, tuko kwenye foleni ya Tazara, akasema "fill me in on the city". Nikadhani ananilalamikia, nikanyamaza mpaka Posta. Roho iliniuma nilipoelewa kwamba alikuwa ananiomba stori za mji wangu. Siku hizi mgeni akilitamka naanzia palepale: hii ni stesheni ya Tazara, reli yake inafika Kapiri Mposhi, Zambia.