Nimeshuka metro Castellane natafuta mtaa wa Zidane, kumbe siko kwenyewe!

kijana_wa_Temeke:
Wakuu habari za wikiendi. Niko Marseille kikazi wiki mbili, jana nikasema ngoja nikaone mtaa aliokulia Zidane, maana tangu 1998 huyo jamaa ndo mpira wenyewe kwangu. Nikacheki ramani ya metro nikaona stesheni imeandikwa Castellane, nikapanda fasta, natokeza juu nakuta raundabauti ina chemchemi na nguzo ndefu katikati, mikahawa, wazee wamekaa na kahawa zao wametulia. Nikamuuliza dogo mmoja kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, nikasema tu "Zidane?", akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa mnieleweshe, kwenyewe ni wapi? Na mbona watu wakisema "kaskazini" wanaongea kama ni nchi nyingine, halafu ukiuliza wanakwambia ni Marseille hiyohiyo? Paris nilikopita, vitongoji viko nje ya jiji.

Mngazija_wa_Belsunce:
Pole sana ndugu yangu, hujawa wa kwanza 😂 Place Castellane iko kusini ya katikati ya mji. Zidane ni La Castellane, hiyo "La" ndo imekuponza, ni maghorofa ya kaskazini huko ukielekea L'Estaque. Panda metro laini ya 2 mpaka mwisho, Gèze, halafu basi. Kuhusu vitongoji, Marseille imevimeza vyote, jiji lina kilomita za mraba kama 240 na Paris haifiki nusu yake, ndo maana huku maskini wa pembeni naye ana meya mmoja na tajiri wa Prado. Lakini usafiri sasa! Laini ya 2 ilifika Bougainville 1987, kutoka hapo kwenda kituo kinachofuata, yaani Gèze, kimoja tu, imekuja kufunguliwa 2019. Piga hesabu mwenyewe. Metro yenyewe ilianza 1977, kusini na mashariki wakahudumiwa, kaskazini wakaambiwa subirini basi.

Fundi_Reli:
Ngoja nami nichomekee, maana nyie mnaongea metro mnasahau tramu. Mji ulikuwa umejaa tramu, za farasi tangu 1876, baadaye za umeme, kufika 1960 wameng'oa zote wakaweka mabasi isipokuwa laini moja, namba 68. Unajua ilipona kwa nini? Siyo kwamba waliipenda, ni kwa sababu inaingia mjini kwa handaki la 1893 linalotokea Noailles, na kwenye handaki hilo basi la abiria haliwezi kupita, ndo wakaiacha. Ikabaki peke yake miaka zaidi ya arobaini, wakaifunga 2004 kuikarabati, 2007 ikarudi inaitwa T1 na sasa tramu ndo fasheni tena mji mzima. Nenda Noailles ushuke chini uone stesheni yake, kwangu ni nzuri kuliko vitu vyote wanavyopigia picha watalii.

wanjiku_254:
Zii, nzuri kuliko Bonne Mère, lile kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima? Hapo umepitiliza bro. Mimi nilipanda hadi juu kwa miguu nikatubu dhambi zote njiani, kumbe kuna basi namba 60 😭

Fundi_Reli:
Dada yangu ungezaliwa mapema ungepanda lifti. Kuanzia 1892 kulikuwa na vyumba viwili kwenye mteremko wa kile kilima cha Notre-Dame de la Garde, cha juu kinajazwa maji kwenye tangi kinakuwa kizito, kikishuka kinakivuta cha chini kinapanda, wakifika wanamwaga maji wanaanza upya. Magari yakaizidi, ikafungwa 1967.

Mngazija_wa_Belsunce:
Mbona hamtaji meli, na mji huu ni meli? Babu zetu wengi hawakuja kwa ndege, walikuwa wanachochea makaa kwenye boila za meli za Messageries Maritimes, zile zilizokuwa zinapita Suez zinashuka Zanzibar, Ngazija mpaka Madagaska. Meli ikifunga bandarini Joliette wanapanga chumba mitaa ya hapa Belsunce au Panier, wengine hawakurudi, na leo Wangazija tumejaa hadi huko La Castellane unakotafuta. Kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine ikawa CGM, 1996 ikachukuliwa na CMA, kwa hiyo makontena ya CMA CGM mnayoyaona bandarini Dar na Mombasa ni wajukuu wa meli za babu yangu. Jengo lao refu la vioo liko palepale kaskazini ya Joliette, utaliona ukipita.

kijana_wa_Temeke:
Asanteni wakuu, kesho naenda Gèze. Swali moja tu, nikifika huko nikisalimia kwa Kiswahili nitajibiwa?

Mngazija_wa_Belsunce:
Salimia wazee. Vijana watakujibu kwa Kifaransa cha Marseille, na hicho hata Waparisi kinawashinda.