MJADALA: Picha ya Bikira Maria ya Duccio irudi kanisani au ibaki makumbusho?

Mleta uzi:
Wakuu habari za jioni. Mwaka 2020 aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Uffizi pale Florence, Italia, Eike Schmidt, alisema hadharani kwamba makumbusho za serikali zijikaze kisabuni zirudishe picha zilizochorwa kwa ajili ya makanisa. Akataja Mama Maria na Mtoto ya Duccio, mchoraji wa zamani wa Italia, ile inayoitwa Rucellai. Hii sio picha ya kutundika sebuleni jamani, ni mbao za mita nne na nusu kwenda juu, Mama kakaa kwenye kiti cha enzi na malaika sita wamepiga magoti pembeni. Walioiagiza 1285 ni walei wa kawaida, chama cha Laudesi, walikuwa wanakutana kanisa la Santa Maria Novella kumuimbia Maria, tuseme kama jumuiya zetu tu. Na walikuwa hawataki masihara, mkataba unasema wasiporidhika hawamlipi na Duccio abaki na mbao zake, dhahabu na rangi ya bluu pia ananunua mwenyewe 😂. 1948 ikahamishiwa Uffizi na haijarudi.

Mimi nasema irudi. Wale walinunua kitu cha kuimbia mbele yake, sasa hivi imewekwa chumba kimoja na za wachoraji wenzake Cimabue na Giotto kama washindani wa umiss, mtu anakata tiketi, anapiga selfi, huyooo.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu unaongea kwa hisia. Venice 1993 Mama na Mtoto ya mchoraji Bellini iliibwa kanisani Madonna dell'Orto mpaka leo haijaonekana. Palermo 1969 wezi wakabeba Kuzaliwa kwa Yesu ya mchoraji Caravaggio, nayo ndo hivyo. Paroko atalinda na nini, rozari?

Mleta uzi:
Ya Bellini unaiweka kwapani unatembea nayo, hii ya mita nne na nusu unaipitisha wapi? Halafu huo huo 1993 bomu la mafia lililipuka jirani kabisa na Uffizi, wakafa watu watano na picha zikaharibika. Usalama wa asilimia mia haupo popote.

Mchangiaji wa 2:
Sisi walokole tunapita tu kimya kimya 🚶

Mchangiaji wa 3:
Kaka zangu mnabishana wezi wakati adui mkubwa ni mshumaa. Kuna kapicha kengine ka Duccio, Mama na Mtoto, kadogo kama karatasi ya daftari, makumbusho ya Metropolitan ya New York walikanunua 2004 inasemekana kwa dola milioni 45 hivi. Fremu yake chini imeungua kwa mishumaa ya waliokuwa wanasali. Mhifadhi akiona pale anaumwa kichwa, mimi nikiona najua kuna mama alikesha hapo mtoto wake anaumwa. Na ile Mama wa Msaada wa Daima ambayo kopi yake iko kwa bibi zenu wote, ya asili iko kanisani kwa Mtakatifu Alfonso Roma toka 1866, watu wanasali mbele yake hadi leo, na haijawa majivu.

Mchangiaji wa 1:
Dada hapo kwenye kopi umenigusa, ya bibi ilikuwa juu ya redio. Ila mleta uzi jibu hili: irudi SEHEMU GANI? Jina Rucellai limetokana na kanisa dogo la familia ya Rucellai mle ndani ya Santa Maria Novella ambako ilikuja kuwekwa baadaye, Laudesi hawakuiagizia hapo. Halafu Santa Maria Novella yenyewe mtalii analipa kiingilio.

Mleta uzi:
La kiingilio nimeshikwa, naliondoa. La sehemu, popote mle ndani ambapo mtu anaweza kupiga magoti bila mlinzi kumwambia asogee, wenzake wanataka kupiga picha.